Pengo la jino ukiwa na kinga dhaifu: kuliacha, meno ya kuvua, daraja au kipandikizi

Jino likishang'oka, daktari hutaja njia nne: kuliacha pengo lilivyo, kuvaa meno ya bandia ya kuvua, kutiwa daraja, yaani jino la bandia linaloshikizwa kwa meno jirani, au kupandikizwa skrubu ndani ya taya (kipandikizi). Kwa mwenye afya tele suala huwa pesa na sura. Kwa anayemeza ARV, mwenye sukari isiyotulia, anayeishi na figo ya kupandikizwa, anayetumia kila siku prednisoloni, dawa inayopunguza kinga, au aliye katikati ya kemotherapi, kuna maswali mengine yanayotangulia. Na kwa mkazi wa Lamu au Malindi liko moja zaidi: kitu hicho kikiharibika, nani atakitengeneza, na yuko umbali gani?

Mambo matano ya kupima

Tumezipima njia zote nne kwa mambo haya haya: ukubwa wa kidonda, usafi wa kila siku, safari na gharama, kinachoharibika na namna ya kukitengeneza, kisha nani inamfaa. Lakini kabla ya hayo, tazama karatasi zako za maabara, maana "kinga dhaifu" ni jina moja la hali nyingi zisizofanana.

Mwenye VVU anayemeza dawa vizuri na ambaye virusi havionekani kwenye kipimo hupona kidonda cha mdomoni karibu sawa na mtu mwingine. Huyu asikubali kunyimwa matibabu kwa sababu ya jina la ugonjwa tu. CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga, ikiwa chini ya 200 ni habari nyingine: fangasi wa mdomoni huja kwa urahisi, na upasuaji usio wa dharura ni bora usubiri dawa zifanye kazi. Kwa sukari, tazama kipimo cha miezi mitatu, HbA1c. Chini ya asilimia 7 ni vizuri. Ikipita 8, kipandikizi kingoje. Kwenye kipimo cha damu kamili tafuta mistari miwili. NEUT ni chembe nyeupe zinazopigana na bakteria; zikiwa chini ya 1.0, yaani 1,000, kidonda cha hiari kiahirishwe. PLT ni chembe za kugandisha damu. Ikisoma chini ya 50, yaani 50,000, usikatwe popote bila daktari wako wa hospitali kujua. Anayepata kemotherapi azingatie kwamba chembe hizi hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Kipimo cha mwezi uliopita hakimsaidii.

Hali mbili hubadili hesabu yote. Ya kwanza ni sindano za kuimarisha mifupa, kama asidi ya zoledroni au denosumabu, ambazo hupewa wagonjwa wa saratani iliyofika mifupani. Taya la mtu huyu likikatwa linaweza kukataa kupona, mfupa ukabaki wazi na kuoza. Ya pili ni mionzi iliyopigwa kwenye taya. Hatari yake haimaliziki hata miaka ikipita. Mtajie daktari wa meno dawa hizi hata kama sindano ya mwisho ilikuwa zamani, kwa sababu zoledroni hukaa mfupani miaka mingi.

Pengo bichi nalo halikimbiliwi. Fizi hujifunga kwa wiki 2 hadi 3, lakini mfupa hujaza shimo kwa miezi 3 hadi 6 na huku unapungua kimo. Kinachotengenezwa mapema mno hulegea baadaye.

1. Kuliacha pengo

Njia hii hudharauliwa kwa sababu hakuna anayeiuza. Mtu mzima mwenye meno yake 20 yanayokutana vizuri, juu na chini, hutafuna chakula cha kawaida bila taabu. Gego la nyuma kabisa likitoka, mara nyingi halidai mbadala wowote.

*Kidonda:* hakuna kipya.

*Usafi:* ndio rahisi kuliko zote. Brashi na dawa ya meno yenye floraidi mara mbili kwa siku. Mswaki wa mti unafaa kwa nje ya meno, ila ubavu wa jino unaotazama pengo hufikiwa vizuri zaidi na brashi yenye kichwa kidogo.

*Safari na gharama:* ukaguzi kila baada ya miezi 6, basi.

*Kinachoharibika:* meno jirani hulala kuelekea pengo, na jino la upande wa pili hurefuka kulifuata. Hayo huenda polepole, na kwa watu wengine hayatokei kabisa. Namna ya kuyafuatilia ni kupiga picha ya meno kwa simu, meno yakiwa yamekutana na midomo imefunuliwa, kila miezi 6, kisha kulinganisha. Pengo likianza kubana, chakula kitanasa na jino jirani litatoboka.

*Inamfaa:* aliyepoteza gego moja au mawili ya nyuma, na yeyote ambaye vipimo vyake havijatulia. Haimfai aliyepoteza meno ya mbele, ambayo hubeba sura na matamshi ya *f*, *v*, *th* na *dh*, wala aliyebaki na magego upande mmoja tu.

2. Meno ya kuvua

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndiyo njia inayotumiwa na wengi, na ndiyo inayoharibiwa na mazoea madogo.

Kuna aina tatu. Ya akriliki ni plastiki ya waridi yenye kulabu za waya. Ni ya bei ya chini na huongezwa jino likitoka jingine. Ya chuma cha kobalti na kromu ni nyembamba, hulalia meno badala ya kukandamiza fizi, na hudumu zaidi, ila ni ghali na huhitaji maabara yenye ujuzi. Ya nailoni inayopindika hupendwa kwa kuwa haionyeshi waya. Sisi hatuisifu sana kwa mwenye kinga dhaifu: uso wake huchubuka upesi na mikwaruzo hiyo hufuga fangasi, tena ikilegea ni vigumu kuitia tabaka jipya.

*Kidonda:* hakuna kukata. Lakini meno mapya huchuna mahali fulani karibu kila mara, na mchubuko ule ni mlango wa vijidudu. Usikwangue plastiki mwenyewe kwa tupa au wembe. Yapumzishe, kisha yavae tena asubuhi ya siku ya kwenda kliniki, ili alama nyekundu ionekane na daktari ajue pa kupunguza. Mchubuko usiopona wiki 2 baada ya kurekebishwa uchunguzwe kama kidonda cha aina nyingine.

*Usafi:* kila baada ya kula, yavue na uyasuuze. Usiku yasugue kwa brashi yake na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike. Dawa ya meno usiitumie hapo. Chembe zake hukwaruza plastiki. Ya akriliki isiyo na chuma, mara mbili kwa wiki, ilowekwe dakika 10 katika kikombe cha maji chenye kijiko kimoja cha chai cha Jik isiyo na manukato, kisha isuuzwe sana. Yenye chuma au waya isiguswe na Jik, itapata kutu. Iloweke katika klorheksidini ya kusukutua. Hiyo nayo huacha rangi ya kahawia kwa mnywaji wa kahawa tungu na chai ya rangi, basi loweka baada ya kinywaji cha mwisho.

Maji ya kulaza meno yawe yaliyochemshwa na kupoa kabisa, yabadilishwe kila siku. Maji ya kisima cha mtaani au ya jabia hayajasafishwa, na mtu mwenye chembe nyeupe chache hana sababu ya kulaza humo kitu kitakachorudi mdomoni. Maji ya moto nayo hupinda akriliki.

Kulala nayo ndilo kosa kubwa. Fangasi hupenda mahali penye giza na unyevu pasipofikiwa na mate, na chini ya plastiki ndipo hapo. Dalili ni wekundu wa kaakaa unaofuata umbo la meno ya bandia, mara nyingi bila maumivu, pamoja na kupasuka pembe za mdomo. Dawa ikipewa, kama nistatini, meno yavuliwe kabla ya kuitumia na yenyewe yasafishwe siku hizo hizo, la sivyo ugonjwa hurudi kutoka kwenye plastiki. Katika Ramadhani wengi huyavaa kwa daku kisha wakalala nayo hadi asubuhi. Mwezi mzima wa hivyo unatosha kuanzisha fangasi.

Tena, meno ya juu hushikwa na mate. Mdomo mkavu, uwe wa dawa, wa mionzi au wa miraa na muguka, huyafanya yacheze na kuchuna.

*Safari na gharama:* safari 3 hadi 5, yaani kuchukua chapa ya meno, kupima mkutano wa meno, kujaribu kwa nta, kuvaa, na kurekebisha. Uliza kama hatua mbili za kwanza zaweza kufanywa siku moja. Ya akriliki ndiyo nafuu kuliko njia zote zenye jino.

*Kinachoharibika:* mfupa hupungua, plastiki hulegea, na baada ya mwaka au miwili huhitaji tabaka jipya chini yake. Ikivunjika, fundi wa maabara ya meno huweza kuiunga kwa muda mfupi; beba vipande vyote na usiunge kwa gundi ya dukani, maana vipande vilivyogandishwa vibaya havikutani tena.

*Inamfaa:* aliyepoteza meno kadhaa, ambaye huenda atapoteza mengine, au ambaye matibabu yake makubwa yanaendelea na kila kitu kinaweza kubadilika. Haimfai sana mwenye vidonda vya kemotherapi mdomoni siku zile zile, wala asiyeweza kuyasafisha mwenyewe na hana wa kumsaidia.

3. Daraja

Jino la bandia hushikizwa kwa kofia mbili zilizovikwa meno ya pande mbili za pengo, na lote hugandishwa kwa saruji ya meno. Halivuliwi.

*Kidonda:* fizi na mfupa haviguswi sana, na hii ni faida kubwa kwa mwenye damu isiyoganda vizuri. Anayeumia ni jino jirani: husagwa milimita 1 hadi 2 kila upande, na halirudi lilivyokuwa. Baadhi ya meno hayo kiini chake hufa miaka ya baadaye na kuhitaji matibabu ya mzizi. Kama jirani tayari ana ziba kubwa au amevunjika, kofia ingemfaa hata hivyo. Kama ni jino zima lisilo na doa, fikiri mara mbili. Kwa jino moja la mbele kuna daraja la bawa, linalobandikwa nyuma ya jino moja bila kusaga au kwa kusaga kidogo mno. Hutoka mara kwa mara, lakini hubandikwa tena, na kwa kijana linastahili kuulizwa kabla ya lile kubwa.

*Usafi:* uzi wa meno wa kawaida haupiti, kwa kuwa kofia zimeungana. Tumia uzi wenye ncha ngumu upitishwe chini ya jino la bandia, au brashi ndogo za katikati ya meno, kila usiku. Brashi hizi si kila duka la dawa huziweka, basi ununue za miezi 6 ukiwa Malindi mjini au Mombasa.

*Safari na gharama:* safari 2 au 3, zikipishana wiki 1 hadi 2 wakati maabara inafanya kazi. Katikati huvaa daraja la muda, ambalo si la kutafunia pweza wala mkate wa mofa. Bei iko kati ya meno ya kuvua na kipandikizi.

*Kinachoharibika:* saruji ya upande mmoja huachia, daraja linabaki limeshikwa na upande wa pili, na jino lililoachiwa huoza kimyakimya. Ishara ni ladha mbaya inayorudi, au mapovu madogo ya mate ukibonyeza daraja kwa kidole. Usingoje lidondoke. Likidondoka zima, liweke kwenye kikopo kikavu ulipeleke. Daktari wa meno yeyote mwenye saruji anaweza kulirudisha, na hilo ndilo jambo zuri kwa mtu anayekaa kisiwani.

*Inamfaa:* mwenye pengo la jino moja au mawili, meno jirani imara yanayohitaji kofia kwa vyovyote, na mwenye sababu ya kuepuka kukata mfupa, kama aliyechomwa sindano za zoledroni. Haimfai mwenye mdomo mkavu unaoozesha meno haraka, kwa sababu jino moja likioza daraja zima limekwenda.

4. Kipandikizi

Ni sehemu tatu: skrubu ya titani ndani ya mfupa, kishikizo juu yake, na kofia ya jino. Meno jirani hayaguswi. Kwa sura na kutafuna ndicho kinachokaribia zaidi jino la asili.

*Kidonda:* ndio mkubwa kuliko zote. Ganzi, fizi hukatwa, mfupa hutobolewa, kisha husubiriwa miezi 3 hadi 6 mfupa uishike titani. Kwa skrubu ya milimita 4 pengo linahitaji upana wa milimita 7 hivi kati ya meno, na milimita 2 za usalama juu ya mshipa wa fahamu wa taya la chini. Hayo hupimwa kwa skani ya CT ya taya; anayetaka kutoboa kwa kutazama kwa macho tu, muage.

Kwa wenye VVU waliodhibitiwa vizuri, na wenye sukari iliyotulia, vipandikizi hushika karibu sawa na kwa watu wengine. Aliyepandikizwa figo hungoja angalau miezi 6 na kibali cha daktari wake. Kemotherapi ikiwa inaendelea, haifanywi. Waliochomwa sindano za mfupa kwa saratani, au waliopigwa mionzi ya taya, kwa kawaida huambiwa wasahau njia hii, na ushauri huo una sababu. Sigara huongeza nafasi ya kushindwa kwa kila mtu.

Jambo moja huwapotosha wagonjwa na hata baadhi ya wahudumu: usaha hutengenezwa na chembe nyeupe. Zikiwa chache, kidonda kinaweza kuwa na maambukizi mabaya bila uvimbe wala usaha wa kutisha. Maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya 3, au homa ya nyuzi 38, yahesabiwe zaidi ya uvimbe.

*Usafi:* brashi laini na brashi ndogo kuzunguka shingo ya kofia kila siku, na kusafishwa kliniki kila miezi 3 hadi 6 maisha yote. Fizi inayotoka damu kuzunguka kipandikizi ni mwanzo wa ugonjwa unaokula mfupa, na kwa kuwa titani haina fahamu, hutaumia mpaka mfupa umekwisha kupungua.

*Safari na gharama:* hesabu safari 5 au zaidi katika miezi 4 hadi 9. Kutoka Lamu ni boti hadi Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen hadi Malindi, na pengine kilomita 120 nyingine hadi Mombasa kwa mtaalamu. Panga walau usiku mmoja karibu na kliniki baada ya upasuaji, kwa sababu ya damu. Ndiyo njia ghali kuliko zote, na bei inayotajwa mara nyingi ni ya skrubu peke yake. Omba iandikwe kwa mafungu: skani, skrubu, kishikizo, kofia, na nyongeza ya mfupa ikihitajika.

*Kinachoharibika:* skrubu ya kofia kulegea ni jambo dogo, ila ufunguo wake hutofautiana kwa kila kampuni. Daktari asiyejua aina ya skrubu yako hawezi kuikaza. Dai stika ya kifurushi, yenye jina la kampuni, kipenyo, urefu na namba ya toleo, uibandike kwenye kitabu chako cha kliniki na uipige picha.

*Inamfaa:* mwenye vipimo vilivyotulia kwa miezi kadhaa, mwenye mfupa wa kutosha, asiyevuta, na mwenye uhakika wa kurudi kliniki miaka 10 ijayo.

Njia ya tano ambayo si njia

Kuna wanaobandika jino moja kwa moja kwenye meno jirani kwa plastiki laini inayogandishwa papo hapo mdomoni. Ni rahisi na huisha kwa saa moja. Chini yake hapasafishiki, na fizi huoza pamoja na meno mawili mazima. Kabla ya kufungua mdomo, tafuta jina la mhudumu kwenye orodha ya mtandaoni ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari wa meno Kenya.

Dawa, njia yoyote uichaguayo

Anayemeza tenofovir, iliyomo katika ARV nyingi, au dawa za kulinda figo ya kupandikizwa kama takrolimasi na saiklosporini, aepuke diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huongeza mzigo wa figo. Parasetamoli kwa kipimo chake hutosha maumivu mengi. Erithromaisini, klarithromaisini na flukonazoli hupandisha takrolimasi na saiklosporini kwenye damu. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme kabla ya kupewa metronidazoli au jeli ya mikonazoli. Aliyetumia prednisoloni zaidi ya wiki 3 asiiache ghafla ati kwa sababu anang'oa jino. Daktari wake ndiye atakayesema kama dozi ya siku hiyo ibadilike. Njoo na dawa zenyewe katika mfuko, pakiti zake zikiwa na majina.

Kwa hali yako

Unaanza kemotherapi hivi karibuni na una meno mabovu: ng'oa yanayostahili kung'olewa walau wiki 2 kabla ya dozi ya kwanza, acha mapengo wazi, na kama ni ya mbele vaa akriliki ndogo uivue vidonda vikitokea. Habari za daraja au kipandikizi zingoje ruhusa ya daktari wa saratani. Homa ya nyuzi 38 katika kipindi hicho ni ya kwenda hospitali usiku huo huo.

Uko kwenye ARV, virusi havionekani, umepoteza jino moja na jirani zake ni wazima: kipandikizi kinastahili kufikiriwa kama una fedha na utaweza kurudi kliniki, daraja la bawa kama ni la mbele na huna. Ukiwa umeanza dawa juzi, vaa ya kuvua kwa miezi michache kisha upime tena.

Sukari inacheza kati ya 8 na 10 kwenye HbA1c: fizi ndizo za kutibiwa kwanza, maana fizi zenye maambukizi nazo huipandisha sukari. Meno ya kuvua yatakushikilia hapo katikati.

Una zoledroni mwilini au mionzi ya taya: pengo la nyuma liache, la mbele lizungumzwe kwa daraja. Meno ya kuvua yanawezekana yakitengenezwa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu mchubuko mmoja juu ya mfupa huo unaweza kuufunua.

Unakaa Faza, Siyu au Kizingitini, na wakati wa kusi boti si la kutegemea: chochote utakachochagua, uliza kwanza kama kinaweza kutengenezwa Lamu mjini. Akriliki na daraja kwa kawaida vinajibu ndiyo. Kama umeamua kipandikizi, panga upasuaji na wiki za mwanzo ziangukie kaskazi bahari ikiwa tulivu, na uwe na namba ya simu ya daktari aliyekipandikiza, si ya mapokezi peke yake.